UZI: Majina yanayodanganya. Kalamu ya risasi haina risasi, kisanduku cheusi si cheusi, na mengine mengi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi mwanangu alikuwa anachonga kalamu ya risasi, akaniuliza: "Baba, risasi yenyewe iko wapi humu?" Nikamwonyesha kile cheusi cha katikati. Akauliza tena kama ndiyo ile ile ya bunduki. Nikamjibu ndiyo, kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyefanya kazi mgodini. Kesho yake nikaingia kusoma kidogo na nikakuta nimemlisha mtoto uongo mtupu.

Ndani ya kalamu ya risasi hakuna risasi hata chembe. Risasi ni metali: nzito, laini, na sumu ukiimeza. Zile za bunduki zilipata jina kwa sababu ndiyo metali iliyotumika kuzitengeneza. Kilichomo kwenye kalamu ni grafiti, na grafiti ni kaboni tu, ndugu wa damu wa makaa, masizi na almasi.

Kosa lilianza karne ya 16, huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Ilipatikana miamba yenye kitu cheusi kinachong'aa na kuchafua vidole. Watu wa wakati ule waliijua risasi, nayo ukiisugua kwenye karatasi huacha alama ya kijivu. Wakajumlisha moja na moja, wakasema hii lazima ni aina ya risasi, ila nyeusi zaidi. Jina likashika. Ilipofika 1779, mkemia Carl Wilhelm Scheele akaonyesha kwamba kitu hicho ni kaboni. Miaka kumi baadaye Mjerumani Abraham Gottlob Werner akakipa jina grafiti, kutoka neno la Kigiriki la kuandika. Lakini nani angewarudisha watu nyuma? Wajerumani mpaka leo kalamu hiyo wanaiita "kijiti cha risasi". Waarabu wanaiita qalam rasas, kalamu ya risasi, kama sisi. Kosa moja la wachimbaji limeenea lugha zote hizo.

Tukiwa hapo hapo, chukua hiyo kalamu upige mstari mzito kwenye karatasi, halafu upitishe kidole juu yake. Ule weusi unaobaki kidoleni ni vipande vya matabaka. Kaboni ya grafiti imejipanga kama karata zilizolaliana: kila karata ni imara, ila zinashikana kwa ulegevu. Ukibonyeza, karata za juu zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Almasi ni kaboni ile ile, ila imefungamana pande zote, haina pa kuteleza. Ndiyo maana moja inaandika na nyingine inakata kioo.

Na zile herufi ubavuni? Mwaka 1795 Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza, grafiti safi ya Borrowdale haifiki. Nicolas-Jacques Conté akasaga grafiti duni, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanuruni. Udongo ukizidi, kalamu inakuwa ngumu na mstari unakuwa hafifu, hiyo ni H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, hiyo ni B. HB iko katikati. Namna hiyo ya kutengeneza ndiyo inayotumika mpaka leo.

La pili: kisanduku cheusi. Ndege ikianguka, habari ya kwanza ni "wanatafuta kisanduku cheusi". Ukikiona kwenye picha ni cha rangi ya chungwa kali, inayoumiza macho. Makusudi, ili kionekane kwenye mabaki, msituni au matopeni. Tena kwa kawaida ni viwili: kimoja kinarekodi sauti za chumba cha marubani, kingine kinarekodi mwendo, kimo, uelekeo na mamia ya vipimo vingine. Kinajaribiwa kwenye moto wa nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa saa nzima. Wazo la kuweka sauti na vipimo pamoja lilisukumwa na Mwaustralia David Warren miaka ya 1950, baada ya ndege za jeti za Comet kuanguka mfululizo bila mtu kujua sababu. "Cheusi" hapa ni lugha ya mafundi: kwao kisanduku cheusi ni chombo chochote ambacho unajua kinachoingia na kinachotoka, lakini ndani hufungui.

Nimeona maneno ya namna hii ni mengi. Jina linatolewa siku ambayo watu wanajua kidogo, elimu inasonga mbele, jina linabaki limekaa pale pale. Nitashusha niliyonayo kadiri muda unavyoruhusu. Na nyie ongezeni, sharti ni moja tu: usilete neno ambalo hujalihakiki.

#2

Nimeweka kambi. Shusha madini mkuu.

#3

Aisee! Mimi shuleni nilikuwa nalamba ncha ya kalamu ili iandike vizuri. Siku moja mwenzangu akaniambia nitakufa kwa sumu ya risasi. Wiki nzima nilikuwa naaga ndugu zangu kimoyomoyo. Kumbe nilikuwa nalamba makaa.

#4 – Mleta uzi

#3 Ulikuwa unalamba makaa na udongo wa mfinyanzi, mkuu. Si chakula, ila hukuwa na haja ya kuandika wosia.

#5

Naongeza moja. Septemba maana yake ni saba, Oktoba nane, Novemba tisa, Desemba kumi, kwa Kilatini. Lakini kwetu ni miezi ya 9, 10, 11 na 12. Sababu ni kwamba Julius Caesar na Augustus walijipachikia miezi yao, Julai na Agosti, ikasukuma mingine miwili mbele. Kiburi cha watawala hakikuanza leo.

#6 – Mleta uzi

#5 Neno umeleta zuri, sababu ndiyo siyo. Na usijilaumu, maelezo hayo yamesambaa kila kona.

Julai na Agosti hazikuchomekwa. Zilikuwepo tangu zamani kwa majina mengine: Quintilis, yaani wa tano, na Sextilis, yaani wa sita. Kilichofanyika ni kubadilishiwa majina tu. Quintilis ikawa Julius mwaka 44 KK, Sextilis ikawa Augustus mwaka 8 KK. Ukibadilisha kibao cha mlangoni nyumba haiongezeki chumba.

Kilichosogeza hesabu ni kwamba mwaka wa zamani wa Warumi ulianza Machi. Anza Machi kama mwezi wa kwanza, hesabu kwa vidole: Septemba inaangukia ya saba, Desemba ya kumi. Januari na Februari zilikuwa mkiani. Kuanzia 153 KK makonseli, yaani viongozi wakuu wa Roma, wakawa wanaingia madarakani tarehe 1 Januari, na polepole huo ndio ukawa mwanzo wa mwaka. Majina hayakuguswa.

Na hapo utapata jibu la swali jingine ambalo wengi hawajiulizi. Kwa nini siku ya mwaka mrefu inachomekwa Februari na si Desemba? Kwa sababu Februari ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na marekebisho unayafanya mwisho wa hesabu. 

Kuhusu kiburi, hapo tuko pamoja. Kaisari Domitian aliita Septemba "Germanicus", cheo chake, na Oktoba "Domitianus", jina lake. Alipouawa mwaka 96 BK, Warumi wakayafuta yote mawili.

#7

Kwa hiyo tungeweza kuwa na watu waliozaliwa mwezi wa Domitianus. Afadhali walimuwahi.

#8

Mleta uzi, nina jamaa yangu kila akitaka kusema kitu kilitokea zamani sana anasema "miaka ya nuru iliyopita". Kuna ubaya?

#9 – Mleta uzi

#8 Mwambie hicho ni kipimo cha umbali. Ni sawa na kusema "nilimaliza shule kilomita ishirini zilizopita". Mwaka wa nuru ni njia ambayo mwanga unaikata kwa mwaka mmoja, kama kilomita trilioni 9.46. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua iko miaka ya nuru 4.2 hivi. Jua lenyewe ni dakika 8 na kidogo tu za mwanga.

Ila jamaa yako ana kaukweli kadogo: ukitazama nyota iliyo miaka 100 ya nuru, mwanga unaokuingia jichoni uliondoka huko miaka 100 iliyopita. Unaiona ilivyokuwa, siyo ilivyo.

#10 – Mleta uzi

Leo nimepata nafasi, niingie kwenye magonjwa. Humu ndimo majina yanapodanganya kuliko kote.

Malaria. Neno hili ni la Kiitalia: mala aria, hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu waliona kwamba wanaoishi karibu na vinamasi wanashikwa na homa, hasa wanaokaa nje jioni. Kinamasi kinanuka. Basi wakasema harufu ile ndiyo inayoua. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vijidudu vikicheza ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, akavikuta tumboni mwa mbu. Hewa ikaachiwa huru, haina kesi. Jina la ugonjwa mpaka leo bado linaishtaki hewa.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba waliokosea sababu hawakukosea dawa yote. Waliogopa harufu ya kinamasi, wakakausha vinamasi, wakafunga madirisha usiku. Mbu wakakosa pa kutaga na pa kuingilia. Homa ikapungua, nao wakazidi kuamini kwamba ni hewa. Nadharia mbovu ikitoa matokeo mazuri inakuwa ngumu sana kuiua.

Homa ya Kihispania. Hii inaniuma kidogo kwa niaba ya Wahispania. Mafua makali ya 1918 hadi 1920 yaliua watu ambao makadirio mengi yanawaweka kwenye makumi ya milioni, na hakuna ushahidi kwamba yalianzia Hispania. Miongoni mwa milipuko ya mwanzo iliyoandikwa ni ya kambi ya jeshi huko Kansas, Marekani, Machi 1918. Sasa Hispania iliingiaje? Kwa kusema ukweli tu. Ilikuwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nchi zilizokuwa vitani zilibana magazeti yasiandike habari za kuvunja moyo askari. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika waziwazi, na mfalme wao Alfonso XIII naye akaugua, ikawa habari kubwa. Msomaji wa London au Paris akawa anasoma kila siku kwamba Hispania kuna ugonjwa, huku kwake kimya. Akajumlisha.

Wahispania wenyewe hawakuuita hivyo. Waliuita "Askari wa Naples", jina la wimbo uliokuwa ukivuma Madrid wakati huo, kwa utani kwamba wimbo na homa vyote vinaambukiza.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: ugonjwa mpya usipewe jina la nchi, mji, kabila au mnyama. Ukisoma habari ya Hispania unaelewa kwa nini.

#11

Hapo kwenye magazeti umenigusa. Anayeripoti ndiye anayebebeshwa. Ofisini kwetu ukiwa wa kwanza kusema printa imeharibika, basi wewe ndiye uliyeiharibu.

#12

Mimi ni muuguzi. Nimewahi kuambiwa kwamba neno la kizungu la chanjo linatokana na ng'ombe. Ni kweli au ni stori za kijiweni?

#13 – Mleta uzi

#12 Ni kweli kabisa, dada. Vacca kwa Kilatini ni ng'ombe jike. Tarehe 14 Mei 1796 Edward Jenner alichukua usaha kwenye kidonda cha mkono wa msichana mkamua maziwa aliyeambukizwa ndui ya ng'ombe, akaupaka kwenye mikwaruzo aliyomchanja mtoto wa kiume wa miaka minane. Baadaye akamchanja tena kwa ndui halisi ya binadamu, mtoto hakuugua. (Leo ukifanya hivyo unakwenda jela, na ni haki.) Jina la ng'ombe likabaki hata kwa chanjo ambazo ng'ombe hahusiki nazo kwa lolote. Louis Pasteur ndiye aliyependekeza, mwaka 1881, neno hilo litumike kwa chanjo zote, kwa heshima ya Jenner.

Lakini tazama Kiswahili chetu kilivyokwenda. Hatukumtazama ng'ombe, tulitazama mkono. Chanjo inatokana na kuchanja, kukata kata ngozi au kupasua kuni. Wao wamehifadhi dawa ilikotoka, sisi tumehifadhi namna ilivyoingia. Na sisi nasi tumeachwa nyuma: siku hizi unadungwa sindano, au unadondoshewa matone mdomoni, hakuna anayekuchanja, na bado tunasema mtoto kapata chanjo.

#14

Hili la kuchanja sikuwahi kuliwaza, na neno nalitamka mara hamsini kwa siku. Asante.

#15

Nauliza kwa nia njema: kwa nini wataalamu wasikae wakayabadilisha majina haya yote? Tunafundisha watoto uongo tukijua.

#16 – Mleta uzi

#15 Nilikuwa na mawazo kama yako mpaka nilipokutana na oksijeni.

Lavoisier, Mfaransa, ndiye aliyeipa jina hilo kwenye miaka ya 1770, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mzaa asidi". Aliamini hakuna asidi bila oksijeni. Mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi ya hidrokloriki, moja ya asidi kali tunazozijua, ina hidrojeni na klorini basi, oksijeni haimo. Cha kuchekesha ni kwamba katika asidi za kawaida kinachofanya kazi ya uasidi ni hidrojeni. Na hidrojeni maana yake ni "mzaa maji", ambalo ni kweli, kwa sababu ukiichoma unapata maji. Kwa hiyo ndugu wawili: mmoja kapewa cheo cha mwenzake, mwingine kapewa cheo kinachomfaa.

Sasa badilisha. Kufikia 1810 vitabu vya Lavoisier vilishasambaa Ulaya nzima na wanafunzi walishakariri. Jina lilishaacha kuwa maelezo, lilikuwa kitambulisho tu. Mtu anaitwa Furaha na ana sura ya msiba kila siku. Huendi kumwambia abadilishe cheti cha kuzaliwa.

Pia kuna faida moja. Jina bovu ni kama alama ya msumari ukutani: inakuonyesha picha ilikuwa imetundikwa wapi. Ukijua kwamba oksijeni ni "mzaa asidi", umejua Lavoisier alikuwa anawaza nini. Ukilifuta, umefuta na hilo.

#17

Sikubaliani kabisa. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili alama ya msumari haimsaidii kitu, anataka kufaulu. Kuna maneno yanapotosha kweli, mfano "kimondo ni nyota iliyoanguka". Kuna mwanafunzi aliniandikia kwenye mtihani kwamba nyota zitaisha siku moja kwa sababu zinaanguka kila usiku.

#18 – Mleta uzi

#17 Mwalimu, hapo umenibana, na huyo mwanafunzi amefikiri vizuri kuliko wengi, ila kaanzia pabaya. Kile kimstari cha mwanga mara nyingi ni chembe ndogo kama punje ya mchanga, inaingia kwenye angahewa kwa kasi ya kilomita kumi na kitu mpaka sabini kwa sekunde na kuungua juu huko, kama kilomita 100 kutoka ardhini. Nyota halisi ikija kuanguka hapa kwetu, hatutabaki wa kusahihisha mtihani.

Nakubali: jina linalompotosha anayeanza lifafanuliwe siku ile ile linapofundishwa. Kulibadilisha ni habari nyingine.

#19

Mimi fundi wa injini. Wateja wanapenda kuuliza "ina nguvu farasi ngapi?" Nawajibu, lakini ukweli farasi mwenyewe sijui anaingiaje. Farasi mmoja kweli ni nguvu farasi moja?

#20 – Mleta uzi

#19 Hapana fundi, na jibu lake tamu.

James Watt, Mskoti, aliboresha injini ya mvuke karne ya 18. Yeye na mshirika wake Boulton walikuwa na biashara ya ajabu: walikuwa wanamdai mteja theluthi moja ya pesa za makaa anazookoa kwa kuacha injini ya zamani. Nzuri. Sasa akija mteja ambaye hana injini ya zamani, anatumia farasi kuzungusha mtambo? Farasi hali makaa. Utamdai nini? Watt akahitaji kumwambia mteja kwa lugha anayoielewa: injini hii inafanya kazi ya farasi kadhaa wako. Ikabidi apige hesabu ya farasi mmoja, akaiweka kuwa uzito wa pauni 33,000 ulioinuliwa futi moja kwa dakika.

Kwa vipimo vyetu ni wati 746. Kuna kipimo cha pili kinachokaribiana nacho sana, kile cha nchi za mita na kilo: kuinua kilo 75 mita moja kila sekunde. Kijaribu. Kama una kilo 75, panda ngazi za ghorofa moja, mita 3 kwenda juu, kwa sekunde 3. Hapo wewe ni farasi mmoja. Ukifika juu utakuwa unatweta, kwa sababu binadamu hawezi kuendelea hivyo. Kwa kazi ya kutwa nzima mtu wa kawaida anatoa kama sehemu moja ya kumi ya hapo.

Farasi naye vivyo hivyo, ila kwa ukubwa wake. Kwa kazi ya kutwa ni vigumu afikishe moja kamili, maana Watt alimkadiria juu kidogo. Lakini akichomoka kwa nguvu zake zote kwa sekunde chache, anaweza kukaribia nguvu farasi 15.

Na Watt mwenyewe akaja kuwa kipimo. Pasi ya umeme ya wati 1,500 unayonyooshea shati ni farasi wawili wamesimama juu ya meza.

#21

Mkuu #20, kesho mteja akiuliza naanza na hao farasi wawili wa pasi.

#22

Mimi nafundisha hesabu, naomba nichangie moja ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Sini, ile ya sini, kosini na tanjiti.

Chora duara. Kata sehemu ya juu kwa mstari ulionyooka kutoka upande hadi upande. Umepata nini? Upinde wa mshale: mzingo ndio mti wake, mstari ndio upote, yaani uzi unaovutwa. Wanahisabati wa India ya kale waliona hivyo hivyo, wakaita mstari huo jya au jiva, upote. Kisha wakaona nusu ya upote ndiyo yenye manufaa zaidi kwenye hesabu, jina wakabaki nalo. Hiyo nusu ndiyo sini.

Waarabu walipochukua elimu hiyo hawakutafsiri, waliandika sauti: jiba. Kwa Kiarabu neno hilo halina maana. Na Kiarabu huandikwa mara nyingi bila irabu, kwa hiyo kwenye karatasi zilibaki herufi chache zinazoweza kusomeka kwa zaidi ya namna moja. Waliokuja baadaye wakasoma neno wanalolijua: jayb, mfuko au uwazi wa kifuani mwa vazi. Karne ya 12 watafsiri wa Kilatini wakakuta "mfuko wa kifuani", wakatafuta neno lao, wakaandika sinus: mkunjo wa vazi, kifua, ghuba.

Kwa hiyo kitufe cha sini kwenye kikokotoo chako kinasema "kifua", na hakuna kifua popote. Kulikuwa na uzi wa upinde.

#23 – Mleta uzi

#22 Mwalimu, hii nimeisoma mara tatu. Kosa la irabu limekaa vitabuni miaka karibu 900. Uzi huu ni wako sasa, mimi nimebaki mlinzi wa getini.

#24

Wakati tukiwa kwenye hesabu: kompyuta. Kabla ya mashine, kompyuta alikuwa mtu. Ilikuwa kazi ya kuajiriwa, mtu anayekokotoa kwa kalamu kutwa nzima, na mara nyingi walikuwa wanawake. Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn, kabla ya kurushwa kuizunguka Dunia, alitaka hesabu za mashine zihakikiwe kwa mkono na Katherine Johnson wa NASA, shirika la anga la Marekani. Yaani kompyuta mtu alikuwa anasahihisha kompyuta chuma.

#25

Swali la mwisho kwangu. Mlipuko Mkuu, ule wa mwanzo wa ulimwengu. Ulilipukia wapi? Maana kila mlipuko una mahali.

#26 – Mleta uzi

#25 Hilo swali umelazimishwa na jina. Hakuna mahali. Haikuwa bomu lililopasuka katikati ya uwanja mtupu. Nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka, kila sehemu kwa pamoja, na bado inatanuka. Chora vidoti kwenye puto lisilojaa, lipulize: kila kidoti kinawakimbia wenzake na hakuna kidoti hata kimoja kilicho kitovu. Ulimwengu ni ile ngozi ya puto tu, hewa ya ndani isikuchanganye. Wala hakukuwa na kishindo, maana hakukuwa na nje ya kukisikilizia.

Jina lilitoka kwa mtu ambaye hakuiamini nadharia hiyo. Mwaka 1949 Fred Hoyle, mwanafalaki wa Uingereza, alikuwa kwenye redio ya BBC akiilinganisha na nadharia yake ya ulimwengu usio na mwanzo. Akahitaji maneno ya haraka yatakayomkaa msikilizaji, akasema wale wanadai kila kitu kilitokea kwa mlipuko mmoja mkubwa. Ushahidi ukaja kuwaunga mkono wale, jina wakabaki nalo. Hoyle alifariki 2001 bila kukubali.

Na hii nawarudishia #15 na #17 waliotaka majina yabadilishwe. Mwaka 1993 jarida la falaki la Marekani, Sky & Telescope, liliitisha shindano la kutafuta jina jipya la Mlipuko Mkuu. Yakaja mapendekezo zaidi ya 13,000. Majaji, akiwemo mwanafalaki Carl Sagan, wakayapitia, na hawakuona hata moja la kulipa ushindi.